Annabeth Akiwa Mweusi, Nani Kaibiwa?

Mei 2022 Disney walitangaza kwamba Leah Sava Jeffries, binti Mweusi wa Kimarekani aliyekuwa na miaka 12, ndiye angeigiza kama Annabeth Chase kwenye tamthilia mpya ya Percy Jackson. Kwenye vitabu Annabeth ana nywele za rangi ya dhahabu na macho ya kijivu. Basi, mtandao ukawaka. Watu wazima na akili zao wakakaa kumtukana mtoto kwa sababu ya rangi ya mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani. Tarehe 10 Mei mwandishi wa vitabu hivyo, Rick Riordan, akaandika waraka mkali kwenye tovuti yake. Alisema yeye mwenyewe alishiriki kumchagua Leah, kwamba walimpima kwa kipaji na haiba, na kwamba mwenye tatizo ampelekee yeye mwandishi amwache mtoto. Kile walichokuwa wanakifanya alikiita kwa jina lake: ubaguzi wa rangi.

Tamthilia ilipoanza kurushwa Desemba 2023, mjadala ukarudi, na safari hii nikausikia hadi hosteli kwetu. Cha kushangaza, waliokuwa wanalalamika kwamba "wameharibu kitabu" hawakuwa Wazungu. Walikuwa sisi. Nikaona kumbe hili jambo linahitaji kuelezwa taratibu, maana ndani yake kuna maswali mawili yamefungwa kwenye furushi moja, na watu wanalijibu moja wakidhani wamemaliza yote.

Kwa wasiomfahamu Percy: ni mvulana wa New York anayefukuzwa shule baada ya shule, hawezi kutulia darasani, na herufi zinamchezea machoni kila akisoma. Baadaye anagundua kuwa baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Kumbe ubongo wake unashindwa kusoma Kiingereza kwa sababu umeumbwa kusoma Kigiriki cha kale, na huko kutotulia ni wepesi wa mtu aliyezaliwa kwa ajili ya vita. Annabeth, rafiki yake, ni binti wa Athena, mungu wa hekima. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2005, na baada yake vimefuata vingine kibao.

Sisi wa elimu tuna sababu ya pekee ya kumpenda Riordan. Kabla ya kuwa tajiri alikuwa mwalimu wa Kiingereza na historia wa watoto wa rika la kati kwa takribani miaka 15. Mwanawe alikuwa na matatizo hayohayo ya kusoma na ya kutotulia, na alikuwa akimwomba baba yake hadithi za miungu ya Kigiriki kila usiku kabla ya kulala. Hadithi zikaisha, mtoto akataka mpya, baba akatunga. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kitabu kile kilikuwa kinamwambia mtoto mmoja anayeitwa mjinga shuleni kuwa yeye ni wa ukoo wa miungu. Huo ni uwakilishi kabla neno lenyewe halijawa fasheni. Wanaosema Riordan "ameingizwa siasa ukubwani" wanasahau kilichomfanya aandike.

Sasa, je, Annabeth anaweza kuwa Mweusi? Hoja nzito zaidi ya wapinzani, ukiwaacha watukanaji, inasema hivi: kwenye kitabu nywele zake zina kazi. Annabeth anachukia kuchukuliwa kuwa msichana mrembo asiye na akili kwa sababu tu ya rangi ya nywele, na ukimbadilisha rangi unaipoteza kazi hiyo. Ni hoja halali, lakini jaribu kuipima. Kazi ya zile nywele ni kuonyesha msichana mwenye akili kuliko wote chumbani ambaye anabidi athibitishe akili yake kila siku kwa watu walioshamhukumu kwa kumtazama. Mwambie msichana Mweusi wa Marekani kwamba hilo halimhusu, uone atakavyokuangalia.

Halafu kuna jambo dogo la filamu ya mwaka 2010. Annabeth wa filamu ile, Alexandra Daddario, alikuwa na nywele za kahawia iliyokolea. Mashabiki walinung'unika, na kwenye filamu ya pili ya mwaka 2013 nywele zikapakwa rangi, mambo yakaisha. Hakuna aliyesema Ugiriki imeibiwa. Na Grover, rafiki mwingine wa Percy, kwenye filamu hizohizo aliigizwa na Brandon T. Jackson, ambaye ni Mweusi, na makelele hayakufika kiwango kile. Rafiki wa pembeni mchekeshaji anaruhusiwa kuwa yeyote. Binti mwerevu ambaye shujaa atakuja kumpenda, hapo ndipo watu wanaanza kushika vitabu mkononi na kusoma maelezo ya nywele kama mawakili.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Wagiriki wenyewe wa kale hawakuwa na shida hiyo tunayowapa. Odisei ya Homer inapoanza, Poseidon hayupo nyumbani. Amekwenda kula sadaka kwa Waethiopia, watu wa mbali kabisa duniani, na ni kwa sababu ya safari hiyo miungu wengine wanapata nafasi ya kupanga kumrudisha Odysseus kwao. (Neno "Ethiopia" kwa Wagiriki wale halikuwa na mipaka ya nchi ya leo. Lilimaanisha nchi za watu weusi kusini huko, na wakati mwingine hata mashariki.) Memnon, mfalme wa Waethiopia, alikuja Troya na jeshi lake na akauawa na Achilles, na alikuwa na utenzi wake mzima ambao leo tumebakiwa na muhtasari na vipande tu. Na Perseus, yule shujaa ambaye mama yake Percy alimpa mwanawe jina lake, alimwoa nani? Andromeda, binti wa Cepheus, mfalme wa Ethiopia. Ovidi, mshairi wa Kirumi, anamtaja kuwa na ngozi nyeusi. Wachoraji wa baadaye wa Ulaya wakamfanya mweupe kama maziwa, na filamu ya Clash of the Titans, ya 1981 na ile ya 2010, zikafuata wachoraji. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kusikia mtu akilia kwamba wameharibu kitabu.

Zaidi ya hayo, kwenye vitabu vya Riordan miungu wamehama. Olimpo iko ghorofa ya 600 ya jengo la Empire State, New York, kwa sababu miungu hufuata mahali nguvu ya Magharibi ilipo: Ugiriki, Roma, Ulaya, kisha Marekani. Binafsi hilo wazo linanikera kidogo, maana linageuza dunia nzima kuwa treni yenye njia moja inayoishia Manhattan. Ila ukishalikubali, ukakubali kuwa Zeus anavaa suti na Ares anaendesha pikipiki, hauna tena mguu wa kusimamia kusema kwamba binti wa Athena na baba wa Kimarekani lazima awe Mzungu.

Basi swali la kwanza nimelijibu hivyo. Hapo ndipo jamaa mmoja mwerevu hunyanyua mkono. Anasema: "Sawa. Kama hadithi za Wagiriki ni za kila mtu na kila mtu avae sura anayotaka, mbona J. K. Rowling alipochukua hadithi za Wahindi Wekundu mlimshambulia? Si ni yaleyale?" Ni swali zuri. Anastahili jibu, asipewe macho makali.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Machi 2016 Rowling alichapisha mtandaoni mfululizo wa maandishi mafupi juu ya historia ya uchawi wa Amerika ya Kaskazini, kupanua ulimwengu wa Harry Potter. Ndani yake akawachukua wale ambao Wanavajo, au Diné kama wanavyojiita wenyewe, huwahesabu kuwa wachawi wabaya wanaojivika maumbo ya wanyama, jambo ambalo wengi wao hawapendi hata kulizungumza mbele ya mgeni. Kwa Rowling, imani hiyo ikawa ni uvumi tu: kumbe walikuwa wachawi wema wa dunia yake, wakasingiziwa na waganga wa kienyeji. Wasomi wenyeji kama Adrienne Keene, ambaye ni Mcherokee, na Debbie Reese wa Nambé Pueblo walipinga vikali. Walisema mambo mawili makubwa. Kwanza, hao ni watu mamia wenye lugha na dini tofauti, huwezi kuwamwaga wote kwenye sufuria moja ukawaita "wenyeji". Pili, hiyo unayoiita hadithi, mwenzako anaiishi.

Hapa nikakumbuka fasihi simulizi ya mwaka wa kwanza. Najua wengi mlilikariri hili kwa ajili ya mtihani na mkalisahau ukumbini, lakini ndilo funguo. Tulifundishwa kutofautisha ngano, mighani na visasili. Ngano ni hadithi ambayo msimulizi na msikilizaji wote wanajua ni ya kutunga: Sungura na Fisi, Abunuwasi na ujanja wake. Mighani ni habari za mashujaa wa jamii, zilizokaa katikati ya historia na chumvi. Kisasili kinaeleza asili ya ulimwengu, ya mauti, ya mungu, na jamii inayokimiliki hukichukulia kuwa kweli na wakati mwingine kitakatifu. Kilichoandikwa kwenye madesa yetu kwa herufi ndogo ni kwamba tanzu hizi hazitofautishwi na maneno yaliyomo. Zinatofautishwa na watu wanavyozichukulia. Maneno yaleyale yanaweza kuwa kisasili kwa huyu na ngano kwa yule.

Kwa mfano wa karibu, fikiria vigango vya Wamijikenda kule pwani ya Kenya. Ni nguzo za mti zilizochongwa, zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki. Kwa mtalii ni mapambo ya sebuleni. Kwa familia, pale pamesimama mzee, na ukimng'oa nyumba inaweza kupata misukosuko. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa, vikaishia kwenye makusanyo na makumbusho ya Marekani, na baadhi vimeanza kurudishwa Kenya miaka ya karibuni baada ya mapambano marefu. Aliyenunua hakununua kitu kilekile kilichoibwa. Yeye alinunua sanamu, wao waliibiwa babu.

Ukitumia kipimo hicho, tofauti ya Annabeth na Rowling inaonekana bila kelele. Zeus na Athena wamekuwa ngano kwa dunia kwa mamia ya miaka. Wamefundishwa shuleni, wamechorwa, wamebandikwa kwenye viatu vya michezo, na utamaduni uliowarithi ndio uliotawala dunia. Kumpa binti Mweusi nafasi humo hakumpunguzii Mgiriki chochote. Wanavajo, kwa upande mwingine, ni watu ambao watoto wao walichukuliwa kwenda shule za bweni kufutwa lugha na dini. Halafu mwandishi mmoja tajiri kuliko karibu waandishi wote duniani anakuja kuwaambia mamilioni ya watoto kwamba ile dini kumbe ni uvumi. Hakubadilisha sura ya mtu kwenye hadithi ya kwake. Alibadilisha utanzu wa kitu cha wengine, kutoka kisasili kuwa ngano, bila kuwauliza.

Ningependa kuishia hapo, maana nimeshinda mjadala. Bahati mbaya dunia haikuandikwa na mtunga mitihani. Wapo Wagiriki leo wanaoabudu miungu wa kale, na mwaka 2017 serikali ya Ugiriki iliitambua dini yao. Ni wachache, lakini kwa kipimo changu mwenyewe siwezi kuwaambia kuwa Athena ni ngano. Naweza kusema tu kuwa kumwigiza binti yake kwa ngozi nyeusi hakumtukani, lakini kumfanya Ares mwendesha pikipiki mkorofi, hilo wana haki ya kununa.

Na mambo yanakuwa magumu zaidi anapoandika mtu wa ndani, au wa karibu na ndani. Rebecca Roanhorse ni mwandishi Mweusi ambaye amejitambulisha kuwa na asili pia ya Ohkay Owingeh, jamii nyingine ya wenyeji wa kusini magharibi mwa Marekani. Mume wake ni Mnavajo. Mwaka 2018 alitoa Trail of Lightning, riwaya iliyojaa miungu na mashujaa wa Kinavajo. Ikasifiwa sana. Novemba mwaka huohuo kikundi cha waandishi wa Diné kikatoa barua ya wazi kumpinga: mambo matakatifu yametumika vibaya, tena na mtu ambaye si wa kwetu. Wapo wasomaji wa Kinavajo walioipenda riwaya ileile. Mwaka 2020 akaandika nyingine, Race to the Sun, hii ya watoto, na mabishano hayakuisha. Kwa hiyo hata kuolewa ndani hakutoshi kwa wengine, na kwa wengine kunatosha. Nani mwenye kauli ya mwisho? Jamii haina katibu wa kupiga muhuri. Ninachoona ni kwamba hapa watu wanagombana juu ya kitu chao wenyewe, kwa maneno yao wenyewe, na huo ni ugomvi wa heshima kuliko ule wa mtandaoni juu ya nywele.

Tomi Adeyemi naye ana kisa chake. Alizaliwa Marekani kwa wazazi wa Kinigeria, na picha za kwanza zilizomwasha moyo, za orisha, miungu ya Wayoruba, hakuziona Lagos. Aliziona Salvador, Brazil, ambako dini hiyo ilivuka bahari na watumwa na iko hai mpaka leo. Mwaka 2018 akatoa Children of Blood and Bone, wahusika wote weusi, uchawi wote wa Kiafrika, na vijana wakaipokea kwa shangwe. Waliotangazwa kuigiza filamu yake mwaka 2025, malalamiko yakaja kutoka Nigeria kwenyewe: mbona anayeongoza ni Thuso Mbedu wa Afrika Kusini, na mbona Wanigeria waliozaliwa na kukulia Nigeria ni wa kutafuta kwa tochi? Wengine wakauliza mbona Amandla Stenberg ana ngozi ya maji ya kunde kwenye hadithi inayozungumzia hasa unyanyapaa wa ngozi nyeusi zaidi. Mnaona? Ukishawaweka Waafrika wote kwenye skrini, swali halifi. Linazaa. Na mimi sioni kama ni ubishi wa kupenda ubishi. Mtu aliyekaa nje ya mlango kwa miaka mingi, akiingia ndani, ndipo anapoanza kuona nani kakaa kiti gani.

Lakini turudi kwenye mlango wenyewe. Pale Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kuna kituo cha vitabu vya watoto ambacho tangu mwaka 1985 kimekuwa kikihesabu vitabu vya waandishi na wachoraji Weusi. Mwaka huo wa kwanza, katika vitabu takribani 2,500 vya watoto vilivyochapishwa Marekani, vilivyoandikwa au kuchorwa na Weusi vilikuwa 18. Si asilimia. Ni vitabu 18. Mwaka 2013, karibu miongo mitatu baadaye, katika vitabu kama 3,200, vilivyohusu watu Weusi vilikuwa 93. Mwandishi mkongwe Walter Dean Myers aliandika juu ya takwimu hizo Machi 2014, miezi michache kabla hajafariki, na kutokana na hasira ya mwaka huo ikazaliwa kampeni ya kudai vitabu vyenye sura zote.

Mwaka 2015 mwandishi Mholanzi Corinne Duyvis akapendekeza alama ya kutambulisha vitabu ambavyo mwandishi na mhusika wanatoka kundi moja, "sauti zao wenyewe". Ilikuwa nia njema. Wachapishaji wakaigeuza nembo ya biashara, na waandishi wakaanza kulazimika kueleza mambo yao ya siri, ugonjwa, mapenzi, ukoo, ili wathibitishe wana haki ya kuandika. Mwaka 2021 ile kampeni yenyewe ikaacha kulitumia neno hilo.

Riordan alichagua njia tofauti, na kwangu hapo ndipo alipofanya la maana kuliko waraka wake wa 2022. Wasomaji walikuwa wakimwomba aandike miungu ya India, ya Wamaya, ya Afrika. Angeweza. Angeuza mamilioni. Badala yake mwaka 2018, chini ya Disney, ikaanza nembo yenye jina lake ambamo yeye haandiki. Anaandika utangulizi, anakopesha umaarufu, na hadithi wanaandika wenye nazo. Roshani Chokshi akafungua na Aru Shah, kutoka visasili vya Kihindu. J. C. Cervantes akaleta Wamaya, Yoon Ha Lee akaleta Korea. Mwaka 2019 Kwame Mbalia akatoa Tristan Strong, ambamo mtoto Mweusi wa Chicago anatumbukia kwenye ulimwengu wa Anansi, John Henry na Brer Rabbit.

Huyo Brer Rabbit tumsimamishe kidogo. Ni sungura mjanja wa hadithi za Weusi wa kusini mwa Marekani, yule anayenasa kwenye sanamu la lami. Ukimsimulia bibi yangu kisa hicho atakukatiza: anakijua, sanamu ni la ulimbo. Ni Sungura wetu, au ndugu yake, aliyepandishwa merikebu pamoja na watu. Kule alikofika alisikika na Mzungu, Joel Chandler Harris, akaandikwa kitabuni mwaka 1880, na jina la kwenye jalada likawa la Harris. Ilichukua hadi wakina Mbalia Sungura arudi kusimuliwa na wajukuu wa waliomsafirisha. Kwa hiyo mtu akiniambia mjadala huu ni wa Wamarekani, namwonyesha Sungura.

Na wenye Kiswahili tunajua ladha ya kuchukuliwa. Disney haohao walisajili "Hakuna Matata" kama nembo ya biashara ya fulana, ikathibitishwa mwaka 2003. Watu wengi huku waligundua mwaka 2018, wakapiga kelele wiki mbili, wakalala. Ila tusijifanye malaika. Shaaban Robert, baba wa riwaya yetu, alipoandika Adili na Nduguze, yenye majini na binadamu waliogeuzwa manyani, hakuanza na karatasi tupu. Wachunguzi wa fasihi wanaonyesha mizizi yake kwenye kisa cha Alfu Lela Ulela. Akakivika hekima ya Kiswahili, kikawa chetu, wala sijasikia Mwarabu akidai kurudishiwa. Kukopa hakujawahi kuwa kosa pwani hii. Kilichokuwa kinaangaliwa ni unakopa kwa nani, na baada ya kukopa mwenye nacho anabaki na nini.

Kwa nini haya yamenikaa rohoni mimi ninayesomea kufundisha sekondari? Kwa sababu mwaka 1990 mama mmoja profesa, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba kitabu kwa mtoto ni kioo cha kujiona na dirisha la kuwaona wengine, na kila mwalimu atanukuu hilo kwenye mtihani. Kisha tunakwenda fildi. Maktaba ya shule niliyopangiwa ilikuwa kabati moja, nusu yake vitabu vya msaada kutoka ng'ambo: theluji, majumba ya kifalme, mbwa anayelala kitandani. Madirisha matupu. Kioo hakuna hata kipande. Ndiyo maana rafiki zangu wa hosteli walimlilia Annabeth wa dhahabu. Ndiye waliyemsoma, wakamzoea, na sura ya shujaa ikaganda hivyo kichwani.

Siku moja kipindi cha mwisho, kidato cha pili wamechoka na joto, nikaacha sarufi nikawasimulia Fumo Liyongo, kama alivyoandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913: jitu lisiloingia silaha, ila sindano ya shaba kitovuni. Sultani wa Pate anamhonga mwanawe mwenyewe amuue. Liyongo anachomwa usingizini, anatoka na upinde wake, anapiga goti kisimani, anakata roho hivyohivyo amelenga, na mji mzima unakaa bila maji kwa sababu hakuna anayethubutu kumsogelea maiti. Darasa likatulia tuli. Kisha wakataka kujua kama ipo filamu. Nikasema sijawahi kuiona. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye tangu nifike hakuwahi kunyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, wakija kuitengeneza Wazungu, Liyongo ataongea Kiswahili?"